Jeki Iliyobeba Nyumba Yetu

Baba Padre Gorski, mwenyeji wetu katika ukumbi huu wa kanisa. Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wenye Nyumba Wadogo wa Milwaukee Kusini. Wapangaji wangu wa sasa na wa zamani, hata wewe Eugene uliyenizibia sinki kwa mafuta ya soseji. Mabibi na mabwana: habari za jioni.

Leo nastaafu kutengeneza nyumba yangu kwa mikono yangu. Nimshukuru nani kwanza, kama si vifaa vyangu? Naishukuru pampu ya mpira, iliyozibua vyoo ambavyo wapangaji waliapa hawakutupa kitu ndani yake. Naishukuru bisibisi yangu, ingawa mume wangu Casimir aliipinda kwa kufungulia makopo ya rangi. Mungu amrehemu, lakini bisibisi si kijiko!

Kipenzi changu ni jeki. Wengi wenu mnakaa nyumba kama yangu: babu aliiinua nyumba nzima ya mbao kwa jeki, akajenga vyumba chini yake, akapangisha. Kwangu imebaki moja chini ya boriti, na kila mwaka barafu ikishayeyuka na ardhi kulegea huzungushwa kidogo tu ili nyumba isiiname. Haba na haba hujaza kibaba. Mwanangu Roman hana habari na haba. Mwaka jana aliizungusha kwa nguvu zote, milango ya juu ikakwama, na mpangaji wangu Ignacio yumo bafuni na povu masikioni.

"Mama Wanda!" akapiga kelele. "Nyumba yako imenikamata!"

"Tulia, baba, naishusha!"

"Polepole basi! Dari ikiniangukia hivi nilivyo, mazishi yangu yatakuwa ya aibu!"

Nikaishusha, naye akiusikiliza mlango na kuniongoza: bado, bado, hapo! Alipotoka hakulalamika. Alishuka na taulo lake, akaweka kiganja kwenye boriti, akataka nimfundishe. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeizungusha, maana magoti yangu yamegoma. Ignacio, nakushukuru kutoka moyoni.

Ndugu zangu, wamenijia wanunuzi wa mbali wanaotaka kuinunua nyumba yangu ikiwa tupu, bila wapangaji. Ignacio, nakuona: samaki kwenye sahani yako hujamgusa, na mkeo Rosalba hajauachia mkono wako. Mnadhani mmekuja kuambiwa mfungashe? Mtu anayesikiliza boriti ya nyumba hafukuzwi kwenye nyumba hiyo! Roman na dada zake wameridhia: nyumba ni yenu, mtailipa taratibu kama mlivyokuwa mkilipa kodi. Mimi nabaki palepale kwenye vyumba vyangu vya chini, sasa kama mpangaji wenu.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Nawe Ignacio, usizoee raha. Kesho asubuhi nitagonga dari kwa fagio langu, niseme maneno niliyoambiwa maisha yangu yote na sijapata kumwambia mtu: "Baba mwenye nyumba, bomba langu linavuja!"