Ernesta, Muuguzi Aliyempigia Magoti Mama Mkwe

Bwana mchungaji, ndugu, majirani wa Mbaga na ninyi mliopanda mlima kutoka Same, mimi Asheri Mbwambo, shemeji wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya Ernesta.

Ernesta alizaliwa hapa Mbaga tarehe 9 Mei 1951, binti wa Mzee Loth Mgonja, akamaliza shule ya msingi mwaka 1966, akasomea uuguzi na ukunga, akaajiriwa mwaka 1973 katika hospitali moja huko Same. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na kaka yangu Erasmo, dereva wa shamba la mkonge, wakaishi miaka kumi na zaidi bila mtoto, hadi mama yetu, Bibi Raheli, akaanza waziwazi kumtafutia Erasmo mke mwingine.

Mwaka 1987, sabuni bado ikipangiwa foleni, walikuja madaktari kutafiti maradhi ya kina mama, maumivu ya chini ya kitovu, uchafu usio wa kawaida, kizazi kushuka, wajue namna bora ya kuyatambua na kuyatibu, na Ernesta akapewa kazi ya kuwapokea wagonjwa. Kwetu mke kijana husindikizwa na mama mkwe, na mbele ya mkwe kila mmoja alisema anaumwa tumbo tu, basi wauguzi, Ernesta akiwemo, wakawatoa wakwe nje, ikaonekana dharau kubwa, wiki iliyofuata hakuja mtu, na madaktari wakaanza kufunga mizigo.

Hapo Ernesta akapanda mlima, akapiga magoti mbele ya mkwe huyo huyo aliyekuwa akimtafutia mke mwenza, akamwomba awe wa kwanza kupimwa, na mama alikubali, akashuka naye, kumbe kizazi chake kilikuwa kimeshuka tangu alipomzaa Erasmo, akajifunga vitambaa miaka yote hiyo, akilima, akibeba kuni, sisi wanawe tukila ugali wake bila kujua lolote. Akawekewa pete ya mpira ya kukishikilia, akawaita kina mama wa rika lake, wakaja na wake za wana wao, wakawaacha waingie peke yao kwa daktari, kisha akaagiza Ernesta apimwe, na Erasmo pia. Wote wawili walikutwa na maambukizi, wakatibiwa pamoja, daktari hakuwaahidi kitu, na tarehe 3 Machi 1989 akazaliwa Victoria, huyu mnayemwona amekaa mbele.

Ernesta aliendelea na kazi hata maduka ya dawa ya watu binafsi yalipochipuka kila kona ya Same, shinikizo la damu likamwanza mwaka 1996, na alfajiri ya tarehe 11 Agosti 1999 akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake, na majirani mliolala nasi matangani. Mtajiuliza kwa nini nimeyasema ya mama yangu mbele ya wanaume, basi ni yeye aliyeniamuru, yuko pale kando ya jeneza, na anasema tukishazika, mama yeyote anayeuficha ugonjwa kama wake asione haya, amfuate nyumbani.

Pumzika kwa amani, Ernesta, Jumatatu mama atashuka Same hospitalini na hao watakaomfuata.