Mzee Chali, Fundi wa Kuanguka

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mzee Chali, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa saba kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Babu alikuwa mhunzi katika karakana ya reli, na bibi alishona sare za shule. Babu hakuwa msemaji, na machache aliyosema mengi yalianza na neno "mwanaume": mwanaume halii, mwanaume haombi msaada, mwanaume hachoki. Shangazi yetu mkubwa, aliye hapa nasi, anakumbuka kwamba baba alipoumwa na nyuki mdomoni akiwa na miaka mitano, aliingia ndani ya kabati la nguo, akafunga mlango, ndipo akalia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza la nane mwaka 1966. Hesabu alizimudu, imla ilimtoa jasho. Shule yake ya pili ilikuwa ukumbi wa wafanyakazi, ambako kila Jumamosi alasiri sinema za mapigano zilionyeshwa kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Wenzake walitoka pale wakirusha mateke, kila mmoja akitaka kuwa steringi. Baba alijitolea kuwa adui. Aligundua kwamba steringi anarusha ngumi moja tu, lakini anayeipokea ndiye anayeruka juu ya meza, anapindua viti na kutua sakafuni bila kuvunjika shingo. "Sasa hapo nani kafanya kazi?" aliwauliza. Hawakumjibu, maana walikuwa wanampiga.

Mwaka 1969 aliajiriwa kama seremala katika karakana ya samani, na jioni alijiunga na klabu ya ngumi ya wafanyakazi. Hili wengi hamlijui, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema: alipigana mapambano ishirini na mbili, akapoteza mawili, na mwaka 1973 alikuwa bingwa wa uzani wa kati. Kombe lake mama aliliwekea vijiko.

Mwaka 1975 kundi la waigizaji lilifika karakanani kuagiza mlango wa kuvunjwa katika filamu. Baba aliutengeneza. Siku ya kupiga picha, mtu wa kurushwa kupitia mlango huo aliuona, akakumbuka ana dharura nyumbani. Baba akasema, "Nimeutengeneza mimi, naujua unapovunjikia. Nirusheni." Walimrusha. Alitua chali, akatulia kimya kiasi kwamba mwongozaji alikimbilia ndoo ya maji. Jina likazaliwa hapo. Tangu siku hiyo hadi mwaka 2011 alicheza katika filamu na michezo ya televisheni sitini na moja, akiwa jambazi, mlinzi wa tajiri mbaya au mhuni wa baa, na katika zote sitini na moja alipigwa. Useremala hakuuacha. Meza za kuvunjwa alizitengeneza mwenyewe kwa mbao laini, na alizipiga msasa vizuri kama za wateja. Tulipomwuliza sababu, alisema, "Kwani meza inajua itavunjwa?"

Alikutana na mama yetu Mei 1978, katika zahanati alikokuwa muuguzi, baada ya ngumi ya mazoezi kumchana nyusi.

"Nani kakupiga hivi?" mama alimwuliza.

"Rafiki yangu. Tunapendana sana, dada, leo alikosea kidogo tu."

"Na wewe humpigi?"

"Si zamu yangu."

"Zamu yako lini?"

"Bado haijaandikwa."

Mama alimshona nyuzi nne na kumwambia arudi baada ya siku saba. Alirudi baada ya siku mbili. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Desemba 1978, wakajaliwa watoto wanne.

Mimi ninayesoma wasifu huu ni kifungua mimba wake. Mwaka 1991, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa mwenye bucha wa mtaani aliniambia mbele ya darasa zima kwamba baba yangu hupigwa kila Ijumaa kwenye televisheni na hajawahi kurudisha. Nilimpiga puani, damu ikatoka. Mwalimu mkuu alimwita baba. Baba hakunichapa; Jumamosi yake alinishika mkono, tukaenda buchani.

Ilikuwa asubuhi, foleni imefika barabarani. Baba aliamkia, akaomba radhi. Mwenye bucha, jitu la mabega mapana, alifuta mikono kwenye aproni na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kumbe Chali ndiye huyu? Haya, anguka tuone!" Akamzaba kofi.

Nilishamwona baba akipigwa mara nyingi, lakini hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona asianguke. Hata mguu haukusogea. Bingwa wa uzani wa kati alisimama huku mikono yake ikining'inia, akasema polepole, "Mkubwa, nimekuja kwa ajili ya pua ya mwanao. Naomba radhi kwa niaba ya mwanangu." Mwenye bucha alitazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akaingia ndani na hakutoka hadi tulipoondoka.

Njiani nililia kwa hasira. "Kwa nini hukumpiga?"

"Ningempiga, mwanawe angeona nini?"

"Na mimi nimeona nini?"

Alisimama kwenye kona ya duka la rangi. "Sijui, mama," aliniambia. "Ukishajua, uniambie."

Ilinichukua miaka kumi na mitano. Nilipomleta nyumbani mchumba wangu, mtu mpole ambaye wajomba walimwona legelege, baba aliniita pembeni na kuniuliza nimempendea nini. Nikamwambia, "Anajua kuomba radhi." Baba alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, kisha akaenda kumpa mkwewe mkono kwa mara ya pili.

Mwaka 2016 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Na hapa tuseme kweli, kwa sababu yeye alipenda kweli: maneno ya babu yalikuwa bado yamo ndani yake. Alituficha miaka miwili. Mama aligundua kwa vidonda vya patasi vidoleni. Daktari alitaja ugonjwa wa neva usio na tiba, na baba akazidi kukataa kushikwa, hadi Februari 2019 alipoanguka bafuni na kukaa sakafuni zaidi ya saa moja bila kuita. Kitinda mimba wetu alipomkuta, baba alimtazama na kusema neno ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake: "Nishike." Tangu siku hiyo alikubali kuogeshwa, kuvalishwa na kulishwa, tena kwa utani mwingi.

Kila Alhamisi, kwa miaka minne, alinyolewa ndevu na yule steringi mliyemzoea kwenye mabango ya filamu akiwa na ngumi juu, rafiki yake Jemedari. Muuguzi mmoja alipomwuliza Jemedari kama ni kweli amempiga mzee huyu mara nyingi, alijibu, "Binti, mimi sijampiga mtu tangu nizaliwe. Hata kukunja ngumi alinifundisha yeye. Ukali wangu wote ni wa huyu bwana."

Baba alifariki nyumbani, Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mama alikuwa akimsomea gazeti, ukurasa wa michezo. Aliposhusha gazeti, baba alikuwa amekwenda.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi na majirani. Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, dada mmoja, Jemedari, na mafundi wa karakana waliolitengeneza jeneza hili wenyewe na kulipiga msasa siku nzima.

Mungu ampokee kwa upole uleule aliotulea nao, na ampe pumziko la amani.