Fundi Chokaa na Pumzi Aliyoongezewa

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimjua kama Fundi Chokaa, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya sita wa baba mchonga mawe na mama mkulima. Mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alitoka kimya, mkunga akampiga makofi mawili ndipo akalia. Tangu siku ya kwanza, basi, pumzi yake ilikuwa ya kuombewa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970 na akafaulu kwenda sekondari, lakini aliishia kidato cha pili. Agosti 1978 baba yake alilala na hakuamka, akiwa na miaka arobaini na minne tu. Baba huyo alikuwa mtu wa kukoroma mpaka mabati yanaitikia, na marehemu wetu alikuwa akilala chumba kimoja naye. Mkoromo ulipokatika ghafla, alimwambia mdogo wake, "Afadhali, leo tutalala." Kulipokucha baba alikuwa wa baridi. Neno hilo alilibeba kifuani miaka thelathini na miwili bila kumwambia mtu.

Mwaka 1980 aliajiriwa kufagia kwenye kliniki ya meno. Fundi wa zamani wa pale alimkuta akiunganisha kwa gundi kalibu ya meno, lile umbo la plasta, iliyovunjika, akamwambia, "Wewe, weka huo ufagio chini, uje huku." Kufikia 1984 alikuwa akitengeneza meno ya bandia kwa mkono wake, na unga mweupe wa kumimina kalibu ndio uliompa jina la Chokaa, maana alirudi nyumbani mweupe mpaka kope. Wagonjwa hawakumwona, yeye alikaa chumba cha nyuma. Lakini kanisani kwaya ikifungua midomo alikuwa akimnong'oneza mkewe, "Yale ya sauti ya pili, mstari wa mbele, ni yangu." Mkewe alikuwa akimfinya anyamaze.

Tarehe 2 Desemba 1989 alifunga ndoa, na Mungu akawajalia watoto watatu. Dada za mkewe walipomuuliza kama kaolewa vizuri, aliwajibu, "Vizuri sana, ila nimeolewa na trekta." Walicheka mpaka machozi. Kicheko kiliisha pale trekta lilipoanza kuzimika. Alikoroma, kisha kimya. Mkewe alihesabu moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na kitu, halafu akamtikisa. "Baba watoto, vuta hewa!" Naye alishtuka kama mtu aliyetolewa majini, akisema, "Mama, acha vurugu, mimi nilikuwa nimelala." Hata kwenye kiti cha sebuleni mchana ilikuwa hivyo hivyo. Mkewe alijifunza kupika huku sikio liko sebuleni.

Kinyozi hajinyoi. Miaka yote hiyo fundi wetu alikuwa akitengeneza, kwa maagizo ya daktari wa meno, vifaa vya kuvaa kinywani kwa watu wanaokatika pumzi usingizini. Kifaa hicho ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vyenye skrubu ndogo pembeni za kusogeza taya la chini mbele ili koo lisijifunge. Alivitengeneza vya wengine, na chake akasema hana haja nacho. Mwaka 2010 alisinzia mezani kwake, taa ya kuyeyushia nta ikiwaka, moto ukashika mkono wa shati. Kovu lile mlikuwa mkiliona. Wenzake walimwambia, "Chokaa, safari hii umejichoma wewe, kesho utatuchoma na sisi."

Februari 2011 alikubali kulazwa kwa kipimo cha usingizi. Majibu yalisema anakatika pumzi mara arobaini na moja kwa saa. Siku hiyo, kwenye benchi la hospitali, ndipo alipomwambia mkewe habari ya baba yake na lile neno "afadhali".

Walimpa kwanza mashine ya kupuliza hewa puani. Hakuiweza, akasema amefungwa kamba kama ng'ombe. Mwezi wa nne daktari wa meno, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimkubalia kifaa cha kinywani na akamwonya asogeze skrubu mara moja tu kwa wiki. Lakini fundi ni fundi, na huyu alikuwa na hofu. Alizungusha kila siku, kwa siri. Siku ya tisa alishindwa kufungua kinywa zaidi ya upana wa kidole, taya limekwama, sikio linamuuma kama limetiwa moto.

Daktari alimtazama. "Mzee, wewe ni fundi au mgonjwa? Chagua moja."

"Fundi."

"Basi nenda ukajitibu."

Akakaa. "Mgonjwa, Daktari."

Zilifuata wiki sita ngumu kuliko zote. Kifaa kilivuliwa ili kiungo cha taya kipone, na pumzi ikarudia kukatika. Taya likipumzishwa hewa inakosekana, hewa ikitafutwa taya linalia. Alikunywa uji, alikandwa kwa kitambaa cha moto, alifanya mazoezi ya kufungua kinywa mbele ya kioo asubuhi na jioni. Mkewe aliketi kando yake na rozari, kila punje pumzi moja. Wiki ya saba walianza upya, kidogo kidogo. Julai ile, kwa mara ya kwanza tangu harusi, mkewe aliamka jua limeshatoka, akaruka kwa woga kumgusa. Alikuwa wa moto, anapumua, kinywa kimefumbwa.

Mungu alimwongezea miaka kumi na mitatu. Moyo, hata hivyo, ulikuwa umechakaa kwa miaka ile ya nyuma, na mwaka jana ulianza kushindwa. Alikuwa akiomba jambo moja, asifie usingizini kama baba yake. Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, saa tisa na dakika ishirini mchana, alifariki akiwa macho, ameshikwa mikono yote miwili.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na ndugu wanne. Binti zake wawili wako hapa na waume zao. Mwanawe wa kwanza naye yuko hapa. Anakoroma na kunyamaza kama babu yake, na mwezi Juni mwaka huu alikubali kupimwa meno ya kutengenezewa kifaa ili tu kumridhisha baba, kisha hakurudi kukichukua. "Mimi bado kijana, Baba," alisema. Baba alimjibu, "Babu yako naye alikuwa kijana."

Kifaa hicho ndicho kazi ya mwisho ya mikono ya Fundi Chokaa. Iko kwenye kijisanduku, ndani kuna karatasi yenye mwandiko wake: "Wiki moja, mara moja. Usiwe kama mimi." Mwanetu, udongo ukisharudishwa, mama yako atakuwa amesimama upande wa kulia wa kaburi, nacho mkononi. Hataondoka mpaka uje.

Yeye aliyempa pumzi, akamwongezea, na sasa ameichukua, ampumzishe mtumishi wake kwa amani. Amina.