Mzee Meshack Gwimo na Salamu Zilizokatwa Kilimani

Wachungaji wetu, masheikh mliotoka Ujiji tangu alfajiri, majirani wa Buzebazeba, ndugu wa Mwamgongo mliokuja na boti mbili na wote mnaotubebea mzigo huu, familia imenituma mimi Oswald, mdogo wake mjane, Mama Regina, niwasomee safari ya shemeji yangu, nao waliponituma walijua kwamba mimi na marehemu tulikuwa watani, kwa hiyo nikiteleza mahali mnivumilie, maana yeye mwenyewe hakunivumilia hata nikikohoa redioni.

Marehemu Mzee Meshack Yona Gwimo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Mwamgongo, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Yona Gwimo, mvuvi wa dagaa, na Mama Scola, mkulima wa mihogo, akimfuata kaka yake Pastory, ambaye tunaye hapa mbele, na ambaye ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuogelea na akamfundisha kuamkia watu, maana kwetu Waha salamu ni kazi kamili, ina makofi yake na ina maswali yake, unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza mihogo na mbuzi, na anayekatisha katikati huhesabiwa kwamba hakuamkia kabisa.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1960, akamalizia darasa la saba hapa mjini Kigoma mwaka 1966, akaenda sekondari Tabora hadi kidato cha nne mwaka 1970, kisha akapelekwa Dar es Salaam kusomea ufundi wa redio, na aliporudi mwaka 1973 mama yake alilalamika kwa majirani kwamba mtoto aliondoka na maneno mengi amerudi na maneno machache, kwa kuwa huko alikuwa amefundishwa kwamba redioni mtu husema jambo lake na kuachia kitufe.

Tarehe 1 Julai 1973 aliajiriwa bandarini Kigoma kuzungumza kwa redio na meli za ziwani na kutengeneza mitambo yake, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, akiipenda na akiiheshimu, na hapo ndipo ufupi wake wa maneno ulipoota mizizi, kwa sababu ziwa likichafuka nahodha hana nafasi ya kuulizwa habari za mbuzi, na wako watu kwenye msiba huu ambao wazazi wao walifika nchi kavu kwa ajili ya ufupi ule, basi tusiuseme vibaya bila kukumbuka hilo.

Alifunga ndoa takatifu na dada yangu Regina tarehe 22 Desemba 1979 hapahapa Kigoma, na nakumbuka siku aliyokuja kuposa, alisimama mlangoni, akasema shida yake kwa sentensi moja, baba yetu akadhani kijana ameleta telegramu na akamuuliza iko wapi, lakini ndoa ile ilidumu miaka arobaini na mitano, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Esther aliyezaliwa mwaka 1980, Samson mwaka 1984 na Happiness mwaka 1989, pamoja na wajukuu saba.

Sasa nifike kwa yule ambaye dada yangu alimwita mke mwenza, nayo ni ripita. Kwa wasioijua, ripita ni kisanduku cha chuma kinachokaa kilimani kwenye mnara, kazi yake ni kuipokea sauti dhaifu ya redio ndogo ya mkononi na kuirusha upya kwa nguvu, ili mtu wa Mwamgongo, aliyefichwa na milima ya Gombe, aweze kusikika Ujiji kana kwamba yuko jikoni. Mwaka 1999 shirika moja la misaada lililokuwa linafunga shughuli zake lilimwachia marehemu kisanduku hicho, akakiombea kibali na nafasi kwenye mnara wa watu, akawakusanya wenye leseni za redio za ridhaa, yaani wale wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu bila mshahara, na miaka ile ya mwanzo hewa ya Kigoma ilichangamka, ungesikia Ujiji, Kasulu, na siku nzuri hata watu wa ng'ambo ya ziwa, Kalemie.

Lakini shemeji yangu alikuwa na ugonjwa wa bandarini. Ndani ya ripita kuna saa inayomkatia mtu anayezungumza muda mrefu, na marehemu, kwa kuchoshwa na habari za mbuzi, aliiweka saa hiyo kwenye nusu dakika. Ndugu zangu, ni Mha gani anayemaliza salamu kwa nusu dakika? Mzee Pastory, ambaye kule Mwamgongo alikuwa na redio yake na akibana kitufe kwa kidevu ili mikono ipate nafasi ya kupiga makofi, alikuwa anafika kwenye habari za watoto tu, sauti inapotea, anarudia tangu mwanzo kama heshima inavyotaka, inapotea tena. Siku moja ya mwaka 2012 alikuwa amebeba salamu za mama yao, akakatwa kabla hajamtaja, na kwa kuwa hakujua kwamba ni mashine, alidhani ni mdogo wake ndiye anayemnyamazisha kwa mkono wake, akaizima redio na kuipandisha darini. Mama Scola alifariki mwaka uliofuata, ndugu hao wakamzika pamoja na kuelewana katika mambo yote ya msiba, ila redio ikabaki darini, na aliyekatwa hakusema, na aliyekata hakujua.

Basi wakapungua mmoja mmoja, wa Kasulu, wa Ujiji, wa hapa mjini, na marehemu alizilaumu simu, akasema watu wamenunua simu wamesahau redio, nasi sote tukaitikia kwa kuwa ilionekana ndivyo. Mwaka 2018 wenye mnara wakamweleza kwamba kifaa kisichotumika hakiwezi kushika nafasi milele, na kwamba kikiendelea kukaa kimya hadi mwisho wa mwaka 2019 watakiteremsha. Hapo ndipo tulipomwona mtu mzima akihangaika, akafungua darasa la bure sebuleni kwake, watu wakaja, wakanywa chai, wakasomewa kanuni za kuzungumza kwa ufupi, wakaondoka moja kwa moja. Kila jioni saa kumi na mbili aliketi, akaita, akaachia kitufe, akasikia ripita ikimjibu kwa ule mlio wake mdogo unaoonyesha kwamba iko hai, basi, hakuna mwingine, na dada yangu anasema aliogopa zaidi uso wa mume wake katika saa ile kuliko siku alizostaafu na kukosa la kufanya. Alikuwa na huzuni, tuseme ukweli, alikuwa anaona kazi ya maisha yake inakufa mikononi mwake na dawa haijui.

Dawa ililetwa na Bi Mwamini Jumanne wa Ujiji, mkunga mstaafu na mwenye leseni tangu mwaka 2000, ambaye Septemba 2019 alikuja kumjulia hali Regina, akamkuta mwenye nyumba anazisema simu kama kawaida yake, akamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo akamwambia, "Mzee Meshack, simu haikumfukuza mtu. Watu wamekimbia kukatwa salamu. Kaka yako ulimkata, nilisikia, hajafika hata kwa mama." Marehemu alikasirika, akasema saa ile ni ya kitaalamu, Bi Mwamini akasema sawa, akaaga kwa utaratibu wote, akauliza mpaka kuku, akaenda zake. Chai ya marehemu ilipoa mezani.

Kesho yake alipanda boti kwenda Mwamgongo, hakwenda kilimani kwanza, alikwenda kwa kaka yake, na Mzee Pastory hakumpunguzia hata kofi moja, alimpitisha salamu yote tangu mwanzo hadi mwisho, nyumba, watoto, mihogo, mbuzi, na ilipokwisha akampa ile salamu aliyokaa nayo miaka saba, nayo ilikuwa fupi tu, kwamba Mama alisema mihogo imekomaa, aje ale. Shemeji yangu alilia siku ile, na aliporudi aliniambia mwenyewe, akanikataza kusema, na leo nimesema.

Ndipo alipopanda kilima, akiwa na miaka sitini na minane na magoti yake yale, akaisogeza saa ya ripita kutoka nusu dakika hadi dakika tatu, na tarehe 1 Oktoba 2019, saa kumi na mbili jioni, akafungua Zamu ya Salamu, yenye sharti moja tu, kwamba hakuna habari yoyote itakayosemwa kabla watu hawajaamkiana wakamalizana. Redio ya Mwamgongo ikashushwa darini, Bi Mwamini akawavuta wanawake wenzake wa Ujiji wakasomea leseni, akawa anawafundisha barazani kwake kwa kuanza na salamu, kanuni zikaja baadaye, na zilikuja vizuri, kwa sababu mtu akishapapenda mahali anashika desturi zake bila kusukumwa. Baada ya salamu zikafuata habari za upepo, za dagaa, za mgonjwa na za msiba, na watu walewale wenye simu mifukoni wakawa wanakatisha mazungumzo ya simu ili wawahi zamu. Desemba wenye mnara wakamtuma fundi kukiteremsha kile kisanduku, akapanda na spana zake na redio ndogo, akasubiri pawe na nafasi awatangazie watu kwamba anazima, nafasi haikupatikana, kila mmoja anampokea mwenzake, mpaka Bi Mwamini akasikia pumzi ya mgeni, akamwamkia naye, akamuuliza wazazi wake. Fundi yule alishuka na spana zake, akaandika kwamba kifaa kinatumika, na kinatumika mpaka leo.

Tarehe 6 Mei 2023 marehemu alipatwa na kiharusi, kikamchukua mkono wa kulia na karibu maneno yake yote, daktari akatueleza kwamba huenda yakabaki machache yale yaliyokaa ndani sana, na kwa shemeji yangu lilibaki moja. Mtu aliyekata salamu hewani kwa miaka ishirini alibakiwa na neno marahaba. Esther akawa anambania kitufe kila jioni, watu wakapanga mstari kumwamkia, shikamoo Mzee Meshack, naye akaitikia kila mmoja, marahaba, marahaba, polepole, mara nyingine dakika nzima kwa neno moja, na hakuna aliyemharakisha.

Shida ikawa kwa Mzee Pastory, kwa kuwa mdogo ndiye anayepaswa kumwamkia mkubwa, na mdogo neno shikamoo hana tena, alikuwa anabana meno na kutokwa jasho, halitoki, na anaona aibu. Jioni moja Mzee Pastory hakungoja, alibana kitufe kwa kidevu chake, akapiga makofi, na mbele ya Kigoma nzima yeye aliyemzidi miaka mitano akasema, "Shikamoo, Meshack." Halafu tukasikia marahaba, safi kuliko zote, na tangu siku hiyo ndivyo walivyoamkiana, mkubwa akimpa mdogo wake kitu anachoweza kuitikia.

Jioni ya Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 aliwaitikia wote, wa mwisho akiwa kaka yake, na Jumapili tarehe 9 alfajiri akafariki dunia nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Regina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, majirani wa Buzebazeba mliochota maji na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa bandarini, wenye mnara, waumini wa misikiti ya Ujiji na makanisa ya hapa, na hasa watu wa zamu. Ripita itatunzwa na Esther, aliyepata leseni mwaka jana, akisaidiwa na Bi Mwamini, na ombi la familia ni hili, mwenye redio darini aishushe, asiye na leseni barazani kwa Bi Mwamini kuna nafasi. Leo saa kumi na mbili zamu itafunguliwa kama kawaida, Mzee Pastory ameomba awe wa kwanza, na akishasema shikamoo yake hakuna atakayemkata wala kumwitikia kwa niaba ya marehemu, tutaacha hewa wazi dakika tatu zote, zile za ripita.

Shikamoo, shemeji yangu. Safari hii usihangaike kuitikia, lala kwa amani.