Burulcha, Mkamwana Wake na Gemu ya Vifaru

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mimi ni Mairamkul, sauti mliyoizoea. Leo tunamkumbuka mtu wetu wa hapa hapa Naryn. Alhamisi iliyopita alifariki Mama Burulcha Sydykova, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Alikuwa mfugaji wa kondoo. Alikuwa mjane wa marehemu Sheishen. Alikuwa mama wa mtoto mmoja wa kiume, Ularbek. Tena alikuwa mama wa Saadat, ingawa huyo hakumzaa. Najua sasa hivi kuna mtu jikoni anasema, aa, kumbe yule bibi wa gemu! Ndiye. Huyo huyo. Kaeni basi niwasimulie vizuri, maana mitaani hadithi hii imeshaongezwa chumvi mpaka haiendi kinywani.

Burulcha aliishi nusu ya maisha yake malishoni na mumewe. Walichunga kondoo wa shamba la ushirika. Walipata mtoto mmoja tu, Ularbek. Binti hawakujaliwa. Na kwetu mnajua wenyewe, mwanamke asiye na binti huulizwa swali lile lile kila anapokwenda msibani: wewe nani atakulilia? Wanaume husimama nje ya hema la msiba wakiegemea fimbo zao. Ndani, kando ya maiti, hukaa mabinti na wake za wana, na hao ndio huinua sauti ya maombolezo. Burulcha jambo hili lilimkaa moyoni kweli. Jirani yake, Topchugul, ambaye walikuwa wakigombana na kupatana tangu ujana, aliniambia hivi: "Hakuogopa kufa, yule. Aliogopa kuzikwa kimya."

Sasa tuje kwenye runinga. Mwaka mmoja kondoo walizaa sana, na ushirika ukampa Sheishen runinga ya rangi. Ya sanduku la mbao, nzito, ikibebwa na wanaume wanne wanaolalamika. Sheishen alipofariki, wakati ushirika wenyewe unavunjwa, runinga ndiyo ikabaki kumbukumbu yake. Burulcha aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Jioni aliifunua mwenyewe, saa ya tamthilia ya Meksiko, na wanawake wa mtaa mzima walijaa sebuleni kwake wakilia na wale Wameksiko.

Halafu Topchugul akanunua deki ya video. Filamu za Kihindi, asubuhi mpaka jioni, wakati wowote unaotaka. Sebule ya Burulcha ikabaki tupu. Alinuna, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa akipita mbele ya nyumba ya Topchugul ametazama milima.

Ularbek, aliporudi kutoka mji mkuu, Bishkek, na mshahara wake wa kwanza, alitaka kumfurahisha mama. Akaleta mashine ya gemu. Kisanduku cheupe, kaseti za njano, na pedi mbili za kushika mkononi. Mama alipoiona nusura azimie. Kwa sababu miaka ile mji mzima uliamini jambo moja: gemu inakula kioo cha runinga. Msicheke. Nani kati yenu hakuambiwa hivyo? Kwetu sisi baba alikuwa akirudi kutoka kazini, kabla hata ya kuvua kofia, anakwenda kupapasa mgongo wa runinga. Ikiwa ya moto, tumekwisha. Basi Burulcha naye alichomoa waya wa umeme wa ile mashine, akaufunga kwenye mfuko, akaufukia ndani ya kasha la unga.

Kasha la unga. Kumbukeni hapo.

Muda si mrefu Ularbek akaoa. Alimwoa Saadat, msichana wa At-Bashy, mpole, mwenye mikono myepesi. Na kazi ya kwanza ya mke wa mwana ni nini? Kuamka kabla ya watu na kukanda unga! Saadat aliukuta ule waya siku ya pili tu ya ndoa yake. Akaufuta unga, akautazama, akaurudisha. Mama mkwe akienda msibani au sokoni, waya ulitoka kwenye unga. Mama mkwe akikohoa langoni, waya ulirudi kwenye unga. Burulcha hana hili wala lile, anajua ameficha mahali pa maana kabisa. Saadat mwenyewe ndiye aliyenieleza haya, na alicheka mpaka machozi, kisha akalia ya kweli.

Ularbek alikwenda Urusi kufanya kazi ya ujenzi. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu zikapungua. Baadaye zikakatika. Halafu watu waliotoka huko wakaleta habari: Ularbek ana mwanamke mwingine, na wanaishi pamoja kama mke na mume. Saadat alikuwa na miaka ishirini na tatu. Hakuwa na mtoto. Hakukuwa na kitu cha kumfunga katika nyumba ile. Kila mtu aliona wazi kwamba wazazi wake watakuja kumchukua, na kwamba Burulcha atabaki peke yake. Alimpoteza mume, amempoteza mwana, sasa anampoteza na mkamwana, mtu pekee ambaye angekaa ndani ya hema siku yake ikifika.

Na wale wawili hawakuwa na mazungumzo. Si kwa ubaya. Ndiyo desturi yetu, mnaijua. Mama mkwe hukaa mbele, mahali pa heshima. Mke wa mwana hukaa karibu na mlango, anamimina chai, kidogo kidogo, bakuli lisikauke wala lisijae. Hapazi sauti. Hatoi amri kwa mkubwa wake. Nyumba ilikuwa kimya, inasikika birika tu.

Siku moja ya baridi, mchana, Burulcha alikwenda msibani akarudi mapema. Huko alikuwa ameambiwa kwamba wazazi wa Saadat watakuja wiki hiyo. Alipofungua mlango alisikia milio ya mabomu sebuleni. Saadat ameketi sakafuni, pedi mkononi, mikono bado ina unga. Alishtuka, akainuka, akainamisha kichwa, akangoja kugombezwa. Burulcha alikwenda nyuma ya runinga akaweka kiganja. Ilikuwa ya moto kama mkate. Kisha akaketi sakafuni karibu na mkamwana wake, na mavazi yake ya msibani, akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kingine," alisema.

Gemu yenyewe ilikuwa ya vifaru vya vita. Wachezaji wawili, kila mmoja na kifaru chake, wanalinda ngome ya matofali. Maadui wanatoka juu. Ngome ikivunjwa, mmekwisha wote wawili. Na ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya, kifaru chake kinaganda, hakisogei. Saadat alimpiga mama mkwe wake mara ya kwanza tu. Alitupa pedi, akaomba radhi, akakimbilia birika. Burulcha akamrudisha. Shida ya pili ikawa kubwa zaidi: Saadat alikuwa akiwaona maadui mapema, lakini angewezaje kumwamrisha mama mkwe? Alikuwa akianza, Mama, samahani, kama haitakuwa usumbufu, upande wa kushoto... Akifika hapo, ngome imeshabomolewa.

Walishindwa, wakashindwa tena. Mwishowe Burulcha aliweka pedi magotini.

"Sikiliza, binti," alisema. "Heshima yako nimeiona, na inatuua. Tukikaa hapa mimi si mama mkwe wako. Nipigie kelele."

"Siwezi, Mama."

"Utaweza. Anza sasa."

Na akaweza. Topchugul anasema sauti ya kwanza ya Saadat aliyoisikia katika maisha yake ilivuka ua, ikapita madirisha mawili yaliyofungwa, ikaizidi filamu ya Kihindi: "Kushoto! Mama, kushoto, unalala?" Alikimbia akidhani nyumba inaungua. Akawakuta wamekaa bega kwa bega, mama mkwe anacheka huku ameshika mbavu. Kesho yake wanawake waliiacha deki wakaja kutazama vita. Topchugul naye alikuja. Alisema amekuja kurudisha ungo.

Wazazi wa Saadat walifika siku ya Jumamosi, mchezo ukiwa katikati. Burulcha alipoona gari lao langoni alibonyeza kitufe cha kusimamisha, akakitupia kioo kile kitambaa cheupe. Runinga ikabaki inawaka chini ya kitambaa. Wageni wakaketi. Mkate, siagi, chai. Baba yake Saadat ni mtu wa maneno machache. Alisema wamekuja kumchukua mtoto wao, kwa kuwa Ularbek amemtelekeza. Burulcha hakumtetea mwanawe. Alisema mwanawe amekosa, na kosa hilo halina sabuni. Ndipo akasema maneno ambayo At-Bashy wanayasimulia hadi leo.

"Mkimchukua, sina haki ya kuwazuia. Mkimwacha, hamumwachi kwa Ularbek. Mnaniachia mimi, awe binti yangu. Akipata mume mwema, ataolewa kutoka mlango huu, na mahari yake mtaipokea ninyi, na vyombo vyake nitatoa mimi. Lakini msiniulize mimi wala msijiulize ninyi. Mwulizeni yeye."

Wazazi walitazamana. Mke wa mwana haulizwi. Walijadiliana, chai ikaongezwa, wakajadiliana tena, mchana ukageuka jioni. Muda wote huo ile picha ya ngome ilikuwa imetulia kwenye kioo, inakila. Burulcha alijua. Alimwambia Topchugul baadaye: "Nilikuwa nanusa joto la ile runinga ya mzee wangu. Nikasema, acha iungue. Nikiinuka kabla hajajibu, moyo utanipasuka."

Saadat alijibu akiwa pale pale mlangoni, birika mkononi. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba anabaki kwa mama yake. Mimi nilimwuliza kwa nini, maana alikuwa kijana na njia ilikuwa wazi. Alinijibu: "Kwetu tulizaliwa mabinti sita. Tuliambiwa nyamaza tangu tukiwa watoto. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia nipige kelele."

Kitambaa kilipoondolewa, matofali ya ngome yalikuwa yamebaki kwenye kioo. Hayakutoka tena. Tangu siku hiyo mtangazaji wa habari alisoma habari zake akiwa nyuma ya ukuta, na wale Wameksiko wakabusiana nyuma ya ukuta. Kwa hiyo ile imani ya mji mzima haikuwa uongo mtupu, wasikilizaji wapendwa. Kinachoharibu kioo ni picha iliyosimama.

Ularbek alipopiga simu hatimaye, Burulcha alimwambia kwa ufupi kwamba mlango uko wazi, lakini ndani hana mke tena. Ana dada. Ularbek alikata simu. Miaka miwili baadaye Saadat aliolewa na Jolchubek, mwalimu, mtu mtulivu. Akatoka kwa mlango wa Burulcha, kama alivyoahidiwa. Burulcha alimtolea magodoro, mablanketi ya kushona, kasha la nguo, na juu ya lori akapandisha runinga ya Sheishen. Topchugul alimwuliza kama ana akili timamu, anampa bibi harusi runinga yenye ukuta, na yeye mwenyewe atatazama nini. Burulcha akajibu kwamba atatazama kwa binti yake, kama wanavyofanya wenye mabinti.

Na alifanya hivyo. Deki zilikuja zikaondoka. Madishi yakaota juu ya mapaa. Siku hizi kila mtu na simu yake, kila mtu na pembe yake. Burulcha alikuwa akivuka mji kwenda kwa Saadat mpaka macho yalipomshinda. Baada ya hapo Saadat ndiye aliyevuka kwenda kwake. Alikuwa naye Alhamisi ile, alfajiri, pumzi zilipokatika.

Nilikwenda mazishini. Hema lilisimikwa uani. Ularbek alikuja kutoka Urusi, mvi zimemjaa, akasimama nje na fimbo yake kama inavyompasa mwana. Saadat akaja mlangoni mwa hema. Mzee mmoja wa ukoo akamzuia. Alisema, bila ukali, kwamba mwanamke aliyeachwa na kuolewa kwingine hana mahali ndani ya hema la ukoo huu. Wangekaa wake wa binamu. Saadat hakubishana. Wala hakuondoka pale mlangoni. Mzee akamgeukia Ularbek, akamwuliza mbele ya watu wote: "Huyu ni nani wako?"

Ularbek akaja na fimbo yake mpaka mlangoni mwa hema.

"Ni dada yangu," alisema. "Mpisheni. Mama yake amelala humo."

Saadat akaingia, akaketi kando ya maiti, akainua sauti. Tulimsikia mpaka barabara kuu. Burulcha hakuzikwa kimya.

Wasikilizaji wapendwa, usiku wa leo, mkishazima runinga na simu zenu, mtazameni yule aliyekaa karibu na mlango nyumbani kwenu, anayemimina chai. Mwulizeni yeye anataka nini. Na mkishamwuliza, mngojeeni ajibu. Mungu amrehemu Burulcha, amlaze pema. Kwa niaba ya wote hapa kituoni, natoa rambirambi kwa jirani yake Topchugul, kwa ukoo wote, na kwa watoto wake wawili, Ularbek na Saadat.