Nani Amwambie Pweza

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Kibiti, ubavuni mwa duka la vipuri vya pikipiki. Benchi mbili zinatazamana, katikati kuna meza ya drafti ambayo kete zake ni vizibo vya soda, na mzee Mshamu anatumiminia kahawa kuanzia alasiri mpaka birika liishe. Miaka hii ya soko huria kampuni za simu zimefunguliwa mlango, kila ukigeuka mnara mpya, nasi hatukutaka kuachwa. Mwalimu Zefania, mtu wa Kasulu aliyeletwa huku kufundisha hesabu, alitufungulia jukwaa la drafti kwenye intaneti ya simu. Humo mtu wa Kibiti anacheza na mtu wa Tunduru au wa Maskati; unaandika namba ya chumba kete inakotoka na inakokwenda, unasubiri mwenzako ajibu. Mwalimu tunamwita Spika kwa kupenda sheria. Hakuna siasa, hakuna dini, hakuna biashara, hakuna mambo ya nyumbani. Kitu kimoja tu nje ya kete kiliruhusiwa, na ndicho tulichokipenda kuliko vyote: ukifungwa, wenzako wanakuandikia tanzia. "Jukwaa linasikitika kutangaza kifo cha Hakimu, aliyeliwa kete tatu kwa mpigo. Maziko ni leo." Tulizikana humo mpaka mbavu zikauma. Sasa Shaabani Mwinjuma, tuliyemwita Mamba wa Ngorongo, amekufa kweli. Tumemzika jana baada ya adhuhuri.

Leo Spika amekaa na simu mkononi, kahawa yake inapoa. Yeye ndiye aliyeandika tanzia jana jioni, ya kweli safari hii. Vumbi, dereva wetu wa bodaboda, akamtaka atusomee majibu.

Spika: Wa Tunduru kaandika, "Hahaha, kafungwa na nani?" Wa Ikwiriri anauliza pilau ni la kuku au la nyama.

Vumbi: Na Pweza?

Spika: Pweza kaandika, "Mwambieni Mamba asijifiche kwenye jeneza. Zamu yake. Nina kingi mbili."

Pweza ni Abdalah, mtoto wa marehemu. Aliondoka hapa kwa hasira, baba na mwana walishatamkiana maneno ambayo hayatamkwi, akateremkia Afrika Kusini hadi Durban. Miaka ikapita hakuna salamu. Halafu siku moja kwenye jukwaa akaingia mtu anayejiita Pweza, akafungua mchezo kwa kuachia pembe ya kushoto, jambo ambalo mchezaji mwenye akili halifanyi. Shaabani aliitazama simu muda mrefu, akaniambia, "Fundi, mchezo huu nimeufundisha mimi." Tangu hapo wakacheza kila jioni. Hakuna aliyeandika "baba", hakuna aliyeandika "mwanangu". Sheria ya Spika ilikataza mambo ya nyumbani, na nadhani wote wawili waliishukuru. Nyumbani, Bi Habiba alikuwa akimuuliza mumewe, "Leo kacheza?" Akiambiwa kacheza, anajua mwanawe yu hai, anakwenda kulala.

Namba nyingine ya Abdalah hatuna. Ile ya zamani haipatikani. Njia ni hiyo moja, na tumeijaza vifo vya uongo.

Vumbi: Andika kwa herufi kubwa, Mwalimu. AMEKUFA KWELI.

Spika: Herufi kubwa ni kupiga kelele. Sheria inakataza.

Vumbi: Mtu kafa, wewe bado una sheria?

Spika: Basi niivunje. Itasaidia nini? Hilo "kweli" tulishalitumia. Ramadhani iliyopita si tulimwandikia Hakimu, "Safari hii amekufa kweli, si utani"?

Hakimu: Shemeji yangu akanipigia kutoka Utete analia. Nilicheka mimi, nilicheka.

Hakimu ni Haruni, muuza nguzo za mikoko zinazoletwa na mashua kutoka Kiongoroni. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kukosa hukumu. Leo aliposema amecheka, uso wake haukucheka.

Vumbi: Basi apa. Weka wallahi.

Spika: Mimi mtu wa kanisani naapaje wallahi?

Vumbi: Nitaapa mimi.

Hakimu: Wewe uliapa mwezi jana kwamba wa Tunduru kafa kwa kuzibwa pumzi baada ya kulishwa kete nne. Ukaongeza na bilahi. Wallahi yako humo ndani imechuja.

Vumbi: Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Spika: Hiyo imeingiaje hapa?

Vumbi: Imeingia tu. Msibani hakubishwi hodi.

Mzee Mshamu alicheka kidogo puani, kisha akajuta, nikaona. Akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Hakimu: Nimepata. Picha. Simu ya Fundi ina kamera. Twende makaburini, tulipige picha kaburi udongo wake bado mbichi, tuitume. Macho hayadanganywi.

Spika: Hakimu, umesahau kichuguu?

Nilikuwa nimekisahau hata mimi. Mwaka jana tulipiga picha kichuguu kule njia ya Bungu, tukakiwekea matawi, tukaituma jukwaani tukasema hapa amelala bingwa wa Maskati. Watu walikipenda kile kichuguu kuliko mchezo wenyewe. Pweza aliandika kwamba naye akifa azikwe humo humo.

Vumbi: Ile minara mimi nalijua tatizo lake. Neno likipita sana kwenye mnara linalika, kama tairi. "Kufa" limepita mara ngapi? Limebaki waya. Likifika Durban halina uzito.

Hakimu: Upuuzi. Neno haliliki.

Vumbi: Mbona salamu za Idi zinafika nusu?

Hakimu: Sikilizeni, mimi nina dawa. Kule jukwaani kila kitu kinasomwa kinyume. Ukiandika kafa, wanasoma mzima. Basi tuandike kinyume. "Mamba ni mzima, hajambo, amekula wali na kambamiti, anawasalimu." Abdalah ana akili ya babake. Atashtuka. Atajua.

La ajabu, Spika alianza kuandika. Nilimwona akibonyeza herufi moja moja kwa kidole gumba. Alipofika kwenye "mzima" alisimama, akazifuta herufi zile moja moja, miwani yake ikaingia ukungu. Mwalimu huyu wa hesabu, mtu wa kupanga vyumba na namba, tangu aje Kibiti sijawahi kumwona analia. Hasira zilinijaa. Niliwachukia wote waliokuwa pale, nikaichukia na meza, na wa Ikwiriri na pilau lake. Shaabani alikuwa rafiki yangu na sikuwa hata na mahali pa kusema amekufa nikaeleweka.

Mshamu: Kwani ni lazima mumwambie?

Spika: Mzee, mtoto asijue babake kafa?

Mshamu: Sikusema asijue. Sisi hapa, mtu akiwa mbali, tangu lini msiba unarushwa hivyo? Unamwambia mgonjwa kazidiwa, njoo. Akifika njiani anakutana na jamaa, anashikwa mkono, ndipo anaambiwa. Ninyi mnataka kumtupia jeneza kifuani, usiku, chumba cha kupanga, watu asiowajua.

Vumbi: Durban hakuna njiani, mzee. Kuna simu tu.

Kabla Mshamu hajajibu, Tatu alitokea upande wa duka la vipuri. Tatu ni dada yake Abdalah, ndiye aliyebaki nyumbani na mama, kwa kuwa Bi Habiba yuko eda na hatoki. Alikuwa amejitanda kanga, mkononi ana simu ya baba yake.

Tatu: Shikamooni.

Tukaitika, tukampa pole, tukasogea apate kukaa. Hakukaa. Aliiweka simu mezani katikati ya vizibo.

Tatu: Imekuwa ikiwaka tangu asubuhi. Ni kaka. Safari hii hakuandika mbele ya wenzenu wote jukwaani, amemwandikia baba peke yake.

Spika alivua miwani akaifuta, akasoma kimya, akanipa mimi. Yalikuwa maneno machache. "Baba, wanasema umekufa. Sijali nikifungwa. Cheza kete yoyote, hata mbovu, nijue."

Nikampa Hakimu. Hakimu akampa Vumbi. Vumbi aliiweka chini taratibu.

Tatu: Mama ameshasomewa ujumbe huu. Anasema mtoto aliye peke yake ugenini hapewi msiba kwa simu. Yuko mtoto wa mama mdogo, anaishi mji mwingine hukohuko. Tumempata kwa simu, kumbe anajua kaka anakokaa; amepanda basi, atafika kwa kaka kesho alfajiri. Yeye ndiye atamwambia, akiwa amemshika. Mama anaomba kitu kimoja. Mcheze kete moja ya baba leo, kaka apate kulala.

Spika: Kwa jina la baba yako?

Tatu: Ndivyo alivyosema mama. Anasema dhambi ataibeba yeye.

Nilitegemea Spika ataje sheria. Hakutaja. Alisogeza kikombe, akaanza kuvipanga vizibo mezani kama mchezo ulivyosimama kwenye simu: kete tatu za Mamba, kingi mbili za Pweza. Mzee Mshamu aliliacha birika akaja kusimama nyuma yetu. Sote tukainama.

Tatu: Baba angecheza ipi?

Hakimu alinyoosha kidole kwenye kizibo cha pembeni, akakirudisha kidole mapajani.

Vumbi: Hiyo asingeigusa. Hiyo angeicheza mtu mwingine yeyote, kwa hiyo yeye asingeigusa.

Hakimu: Basi ya kati.

Vumbi: Ya kati inaliwa.

Hakimu: Alikuwa analisha makusudi.

Vumbi: Akiwa na kete nyingi. Akiwa na tatu?

Hakimu hakujua. Spika alihesabu vyumba kwa midomo, akafika nusu ya ubao akaacha. Wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikaa mbele yake. Nilimkumbuka vizuri, kofia yake, kikohozi chake, namna alivyokuwa akisema "haya" kabla ya kusogeza. Ila alichokuwa anakiona kwenye ubao sikukiona hata siku moja. Nilikuwa nikishughulika kutunga tanzia.

Ikichezwa kete ambayo Mamba asingeicheza, Abdalah atahisi mkono wa mgeni, na usiku mzima atakaa na msiba peke yake.

Tatu alitutazama mmoja mmoja, bila ubaya wowote.

"Si ninyi mliokuwa mkicheza naye kila siku?" akauliza.