Wimbo wa Ndani Umetoka Nje

RUKAYA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Miwani sina, jina silioni.

BADRIA: Mjane wa kaka yako. Au umeshanifuta kwenye simu?

RUKAYA: Badria! Wifi! Assalaam alaykum! U hali gani? Houston kwema?

BADRIA: Waalaykum salaam. Kwema, joto tu. Nguo zangu zinazunguka huko kwenye mashine, nikasema nimjulie hali wifi yangu wa Euless, jirani ya uwanja wa ndege. Moyo vipi?

RUKAYA: Unapiga, alhamdulillahi. Tangu ile operesheni ya mwaka jana daktari anasema—

BADRIA: Afadhali. Moyo wenye siri nyingi hauponi upesi.

RUKAYA: [anacheka] Siri gani tena? Wewe na maneno yako! Tiketi ya basi umeshakata? Jumamosi ndiyo hiyo. Mjukuu wangu Lubna kila saa, "Bi Badria atafika lini, Bi Badria atafika lini." Harusi bila somo wa kumfunda mwari ni harusi gani? Liwa nimepata, udi upo, ukumbi ni wa wanawake peke yao—

BADRIA: Milango itafungwa?

RUKAYA: Itafungwa! Hata mpishi mwanamke. Na simu zote zinaingia kapuni mlangoni, kama unavyotaka siku zote ukiimba.

BADRIA: Na yako?

RUKAYA: Eeh?

BADRIA: Simu yako. Nayo itaingia kapuni?

RUKAYA: Subiri, ndege inapita— [mngurumo] —sikukusikia.

BADRIA: Haidhuru. Hebu niambie, yule mjukuu wako wa London, Hadiya, na wenzake wa kikundi, hao Saucer Girls. Nasikia wametoa albamu yao ya kwanza.

RUKAYA: Ah, hiyo! Mambo ya watoto. Dum dum dum, makelele matupu. Si ya watu wazima kama sisi.

BADRIA: Umeisikiliza?

RUKAYA: Kidogo. Juu juu.

BADRIA: Wimbo wa kwanza unaanzaje?

RUKAYA: Na... na gitaa, nadhani.

BADRIA: Gitaa.

RUKAYA: Au kinanda. Wifi, tangu lini unapenda nyimbo za—

BADRIA: Maana Azizi, yule dereva anayetupeleka wazee kliniki, juzi kaiweka garini. Tuko kwenye taa nyekundu ya barabara ya Bissonnet, nimekaa zangu nyuma, mkoba mapajani. Mara gari zima linaimba kwa sauti yangu.

RUKAYA: Garini?

BADRIA: Akaniuliza, "Bi Badria, huyu bibi mbona sauti kama yako?" Nikamwambia sisi wazee tukishapungukiwa na meno tunafanana.

RUKAYA: Wifi...

BADRIA: Akaongeza sauti! Anatikisa kichwa! Bahati yake Kiswahili chake kimezaliwa Texas, hajui anafundishwa nini. Wimbo wa kumfunda mwari, Rukaya. Wa ndani. Nimeupokea kwa somo yangu, mlango umefungwa, nimemshika mkono nikaapa. Marehemu kaka yako nimelala naye miaka arubaini, hakuusikia hata siku moja. Leo anausikia dereva, na mkono mmoja kashika baga.

RUKAYA: Ngoja, ngoja nikueleze—

BADRIA: Nilikuimbia wewe. Umelala hospitali, mipira mwili mzima, unalia: "Badria, niimbie wa ndani, huenda kesho nisiamke." Nikaufunga mlango. Nikawaambia manesi tunasali.

RUKAYA: Nilitaka nibaki nao tu! Simu niliiweka chini ya mto. Nikasema nikipona nitausikiliza peke yangu. Wallahi ilikuwa hivyo, wifi.

BADRIA: Hilo ningekusamehe. Hofu ya kufa humtia mtu wazimu. London wimbo ulifikaje?

RUKAYA: Hadiya alinipigia analia. Albamu inakwisha, wakubwa wao wanasema imepoa, haina ladha. Akaomba kitu cha kwetu. Basi nika-send. Nikamwambia kidogo tu, kiwe kwa nyuma nyuma—

BADRIA: Kwa nyuma? Niko mbele kuliko ngoma!

RUKAYA: Mtoto alikuwa analia.

BADRIA: Na mimi nina simu. Ungenipigia.

RUKAYA: Ungekataa.

BADRIA: Ningekataa.

[mtandao unakwaruza]

RUKAYA: Haloo? Upo?

BADRIA: Nipo. Limebaki moja dogo. Jirani yangu Prudensia kanisomea majina kwenye hiyo albamu. Gitaa kapiga nani, ngoma kapiga nani. Hapo kwenye sauti ya bibi, pameandikwa nani?

RUKAYA: Ndege inapi—

BADRIA: Leo ndege zenu zinangoja maswali yangu ndiyo ziruke! Pameandikwa nani, Rukaya?

RUKAYA: [kwa sauti ndogo] Mimi.

BADRIA: Sema vizuri, mtandao mbovu.

RUKAYA: Mimi! Hadiya alidhani ni mimi. Na mimi... sikumsahihisha. Wakanipigia simu ya video, wasichana wote wanne, wananipigia makofi. Wifi, tangu ujana wetu wewe unaimba, mimi pembeni nashika sinia la liwa. Kila harusi. Mara moja tu, mara hii moja, wakaniita mimi.

BADRIA: Sinia ulikuwa unalishika vizuri.

RUKAYA: Nitamwambia alitoe jina. Nitaapa mbele za watu. Lakini Jumamosi usimwangushe Lubna, nakuomba. Hana kosa.

BADRIA: Hana. Ndiyo maana nakuja. Tiketi nimekata. Liwa nitampaka kwa mkono wangu, hina nitamtia, na biriani nitakula sahani mbili.

RUKAYA: Alhamdulillahi! Ahsante, wifi, ahsante. Na wimbo—

BADRIA: Wimbo utaimba wewe.

RUKAYA: Mimi?

BADRIA: Si jina lako limeandikwa? Milango itafungwa, simu kapuni, wanawake wote kimya wanakusikiliza. Sinia nitashika mimi.

RUKAYA: Siujui wote! Mimi nina zile beti mbili tu. Ubeti wa tatu haumo kwenye simu!

BADRIA: Haumo. Wa tatu ndio wenyewe, hauimbwi kwa sauti. Nilikuinamia pale kitandani nikakunong'oneza sikioni. Ina maana hukuusikia?

RUKAYA: Akili yangu... akili yangu yote ilikuwa kwenye ile simu. Niliogopa usije ukaiona.

[mlio wa mashine]

BADRIA: Basi kaiulize simu. Mashine imesimama, wifi, nakwenda kutoa nguo zangu. Tutaonana Jumamosi.

RUKAYA: Badria, ngoja! Niimbie huo mmoja tu, hapa hapa, niko chumbani, naufunga mlango, sikiliza, nimeshafunga— Badria? Wifi?

[ndege inapita]